Sifuri Kwenye Ngozi ya Jiwe

Katika mambo yote aliyokuja kuyajutia baadaye, hakuna lililomuuma Editha kama ile nusu saa aliyoipoteza asubuhi hiyo akijipulizia manukato. Alijipulizia shingoni, akajipulizia viganjani, akarudi tena shingoni, mpaka mama yake aliyekuwa uani akipepeta mchele akapiga chafya mara mbili mfululizo.

"Editha, unakwenda Mikumi au unakwenda kufukuza mbu?"

"Mama jamani!"

"Nauliza tu. Na huyo mtu hujawahi hata kumtia machoni?"

"Nimemwona, mama. Kwenye picha. Na kwa video tumeongea mara nyingi."

"Kwenye picha." Bi Magdalena alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. "Mimi baba yako nilimwona akilima, nikamwona akigombana na watu, nikamwona amelewa siku ya Pasaka. Ndipo nikasema ndiyo. Wewe umeona picha. Tena ya mtu ambaye wazee wake wamekuja huku juzijuzi na ng'ombe zao, hata kwao hatupajui."

"Miaka ishirini sasa, mama. Si juzi."

"Haya. Nenda. Mjomba wako Alfred ndiye atakayesema."

Hilo lilikuwa kweli. Kwao, neno la mwisho juu ya kuolewa kwa binti ni la mjomba, na Jumamosi iliyofuata wazee wa Maduhu, huyo mtu wa kwenye picha, walikuwa wapeleke barua ya posa kwa mjomba Alfred huko Kimamba. Editha alifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stesheni ya Kilosa. Kwa miaka mitatu alikuwa amechapa posa za watu wengine, akiwachagulia mapambo ya maua ya pembeni na kuwasahihishia "tunaomba kujiunga na ukoo wenu mtukufu". Sasa yake ilikuwa njiani. Na, aibu iliyoje, barua ya majibu alikuwa ameshaichapa mwenyewe, ya kukubali, yenye mawaridi pande zote nne, akabakiza tu nafasi ya mjomba kutia sahihi. Ilikuwa chini kabisa ya droo, ndani ya bahasha. Msimcheke. Kila mtu ana ujinga wake wa siku za mapenzi, na kwa wengine wetu haukuishia kwenye droo.

Walikutana kwenye gemu. Wachezaji wanaiita Ngome. Ni gemu ya kwenye simu, mnacheza watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwao. Unachagua kuwa nani: Mpiganaji, Mpiga Mishale au Mponyaji. Kila ukipanda levo unapewa pointi moja ya kujifunza uwezo, na hapo ndipo watu wanapoumwa vichwa, kwa sababu uwezo ni mwingi na pointi ni chache. Mponyaji anaweza kuitia pointi yake kwenye Mkono wa Uhai, ambao anaponyea wenzake. Anaweza kuitia kwenye Ngozi ya Jiwe, inayomkinga yeye mwenyewe. Au kwenye Mshale wa Mwanga, wa kupigania. Ukitia huku, kule umekosa.

Editha alichagua Mponyaji. Wiki ya kwanza tu, Mpiganaji mmoja wa Mikumi akamtumia ujumbe wa sauti. Sauti nzito, yenye usingizi kidogo, ya mtu asiye na haraka.

"Mganga, usiiguse Ngozi ya Jiwe. Hata pointi moja. Zote tia Mkono wa Uhai. We niponye mimi, mi ntakulinda wewe."

Mi ntakulinda wewe. Baba yake Editha alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne nyuma, na tangu siku ile hakuna mwanamume aliyemwambia neno la namna hiyo. Alilisikiliza mara saba. Akazitia zote Mkono wa Uhai.

Basi akawa anakufa. Miezi sita, kila pigano, Maduhu akikimbilia mbele na shoka lake, Editha akimponya kwa nyuma, mpaka jitu linamgeukia Editha na kumpiga pigo moja, naye anaanguka kwa sababu hana kinga hata ya karatasi. Skrini inageuka kijivu. Kutoka pale chini, ndani ya ukijivu ule, anamtazama Maduhu akimaliza kazi. "Umekufa vizuri, mpenzi," Maduhu humwambia baadaye. Naye huona raha.

Mama yake alichungulia skrini hiyo siku moja. "Huyu wa nyeupe ndiye wewe? Na kazi yako nini?"

"Naponya wenzangu."

"Na wewe unaponywa na nani?"

Editha alicheka, akasema mama haelewi mambo ya gemu.

*

Alishuka Mikumi saa sita na nusu, malori yakipita barabara kuu, wauza korosho na vitunguu wakikimbilia madirisha ya mabasi. Akamwona kabla hajamtafuta. Alisimama kando ya banda lake la kutengeneza simu, mrefu kuliko alivyodhani, shati jeupe limepigwa pasi, mwanya katikati ya meno. Macho yao yakagongana. Maduhu alitabasamu, kisha akaangalia chini, kisha akaangalia tena, na Editha akajikuta anatabasamu naye mchana kweupe.

"Mganga wangu," Maduhu alisema.

Ilikuwa ile ile sauti. Haikuwa imepungua kitu kwa kutoka nje ya simu.

"Maduhu."

"Umekuja kweli. Nilijua utanipiga chenga."

"Ningekupigaje chenga na leo ndiyo fainali?"

"Yaani umefuata fainali, hujanifuata mimi?"

"Nimewafuata wote wawili," Editha akasema, na uso ukamuwaka. Maduhu aliuchukua mfuko wake mkononi, vidole vyao vikagusana, hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Kwa hatua hamsini kati ya pale na mgahawani, Editha alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote waliokanyaga Mikumi siku hiyo. Naziandika hatua hizo hapa kwa sababu ndizo alizopata.

Mgahawa ulikuwa wa dada yake Maduhu, Kishiwa, mwanamke mnene mwenye uso mpana na kanga mbili kiunoni.

"Shikamoo dada," Editha akapiga goti kidogo.

"Marahaba mwanangu. Karibu sana. Pole na safari. Wa Kilosa hawajambo?"

"Hawajambo."

"Kaa hapa penye upepo. Nakuletea wali na samaki, au—"

"Mletee nyama ya mbuzi," Maduhu akadakia. "Na ugali. Asipewe soda, apewe maji."

Editha alikuwa anataka samaki. Lakini akajiambia kwamba ni mapenzi, mtu anakujua hata kabla hujasema. Alishajiambia mengi ya namna hiyo kwa miezi sita.

Mezani walimkuta Innocent, yule Mpiga Mishale wa kikosi chao, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa kisogoni. Hakuinuka. Alimpandisha Editha kwa macho kuanzia kwenye viatu, akasita kiunoni, akafika usoni mwisho kabisa.

"Oya Maduhu, hesabu yako iko sawa," akasema, na wote wawili wakacheka.

"Hesabu gani?" Editha akauliza.

"Achana naye. Ana wazimu huyu."

Nyama ikaja. Hapo ndipo kitu cha kwanza kilipomkaa Editha vibaya, kitu kidogo ambacho siku nyingine asingekijali. Maduhu alikula kwa kelele, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na kila baada ya matonge mawili alikuwa akichokonoa jino lile la pembeni ya mwanya kwa ukucha wa kidole kidogo, anakikagua alichokitoa, kisha anakirudisha kinywani. Editha akaangalia barabarani. Wanaume wote wanakula vibaya wakiwa na njaa, akajiambia. Akalisukuma tonge lake kwa maji.

"Fainali saa nane," Maduhu alisema. "Tunalipiga Jitu la Mto, tunakuwa Kikosi cha Kwanza cha kanda nzima. Miezi sita nimeilalia njaa hii kitu. Sasa sikilizeni. Leo ni Siku ya Kusahihisha. Gemu inamruhusu kila mtu kuvua pointi zake zote na kuzipanga upya, mara moja tu. Sitaki mtu aguse. Sawa, Mganga? Arobaini zako ziko wapi?"

"Mkono wa Uhai."

"Na Ngozi ya Jiwe?"

"Sifuri."

Maduhu akamgeukia Innocent kwa fahari. "Umesikia? Sifuri. Hata hakufikiria."

"Ndiyo maana nasema mwonyeshe ukurasa wa mwisho," Innocent alisema huku akinyonya mfupa. "Atafurahi."

"Ukurasa gani?" Editha alitabasamu. Alidhani ni shairi. Mungu amsamehe, alidhani kweli ni shairi.

Maduhu alijifanya kuona haya. Akainama, akatoa chini ya kiti kaunta buku nene, lile la jalada gumu wanaloandikia wenye maduka, akaliweka mezani kati ya mifupa. "Hili ndilo kichwa changu," akasema. "Kila kitu nakipanga humu." Alilamba kidole chake chenye mafuta, akafungua. MPIGANAJI: MPANGILIO WA UWEZO. Mistari imepigwa kwa rula, kalamu nyekundu na ya bluu, kipi kianze, kipi kifuate, na kwa nini. Akalamba tena kidole. MPIGA MISHALE. Akalamba. MPONYAJI. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya dole gumba lake pembeni, ya kahawia, inang'aa.

Kisha akalamba kwa mara ya mwisho, akaugeuza ule wa nyuma kabisa, akaufunua mbele ya Editha kama mwanafunzi anayeonyesha ripoti kwa mzazi.

MKE: MPANGILIO WA UWEZO.

Kulikuwa na majina matatu juu. Jenipher wa Lumuma. Getrude wa Kimamba. Editha wa Kilosa. Chini yake, safu kwa safu: Kutii maelekezo, pointi kumi. Kujitoa, pointi kumi. Afya na nyonga za uzazi, kumi. Jembe, tano. Mapishi, tano. Sura, tatu. Elimu, mbili, na pembeni kwa wino mwekundu: *isizidi.*

"Umeona chini?" Maduhu aliuliza. Sauti ile ile nzito, tamu. "Jumla. Umeona nani namba moja?"

Editha hakuangalia jumla. Alikuwa anasoma maelezo.

*Jenipher. Nilimwambia asiguse Ngozi ya Jiwe, akatia pointi tatu. Kiburi. Kutii: 2.*

*Getrude. Aliuliza "kwa nini". Kutii: 4.*

*Editha. Sifuri. Hakuuliza. Amekufa mara 112 bila kulalamika. Kutii: 10. Kujitoa: 10.*

*Editha, mama: mkorofi. Toa 3.*

*Editha, baba: amefariki. Hakuna wa kunisumbua. Ongeza 2.*

Alisoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Ulikuwa na tarehe. Aliikumbuka tarehe hiyo vizuri sana. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, alipomsimulia Maduhu jinsi baba yake alivyokata roho wakiwa wanasubiri gari, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Editha. Alilia kwenye simu. Upande wa pili Maduhu alinyamaza kimya kabisa, hakusema "pole", hakusema kitu, kwa muda mrefu. Editha aliupenda ukimya huo kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa na mwanamume. Aliuhifadhi moyoni.

Kumbe alikuwa anaandika.

Aliiondoa mikono yake mezani. Haikuwa hasira iliyomjaa, hasira ingemsaidia. Ilikuwa kinyaa, kinyaa kile cha kushika kitu gizani ukadhani ni kamba kisha kikajikunja. Juu ya jina lake, sawasawa juu ya herufi ya kwanza, palikuwa na alama ya dole la mafuta.

"Hawa wanajua?" akauliza.

"Akina nani?"

"Jenipher na Getrude."

"Aah, wale nimeshawatoa. Si unaona nimewapiga mstari?" Maduhu alicheka, mwanya ule ukiwa na uzi wa nyama. "Mganga, usiwe na wivu. We ndo umeshinda. Watu wanaoa kwa kubahatisha, mimi nimefanya utafiti. Miezi sita! Kuna mwanamume mwingine aliyekuchunguza miezi sita?"

"Na Ngozi ya Jiwe. Ulinikataza kwa sababu ya gemu, au kwa sababu ya hili?"

"Kwa yote. Ndio uzuri wake."

Kishiwa alikuwa amekuja kuongeza maji. Alisimama nyuma ya bega la Editha na jagi mkononi, midomo ikitembea taratibu kama ya mtu asiyesoma mara kwa mara. Jagi likatua mezani kwa kishindo.

"Maduhu. Hiki nini?"

"Dada, haya hayakuhusu."

"Nakuuliza hiki nini! Nyonga za uzazi?" Akaweka mikono kiunoni. "Baba amefuga maisha yake yote. Anaingia mnadani kununua mtamba, anamshika mgongo, anamwangalia macho, anaongea naye kwa Kisukuma. Hata ng'ombe hatumwandiki hivi! Na wazee Jumamosi wanakwenda na barua kwa watu kwa sababu ya kidaftari hiki?"

"Dada, unanipigia kelele mbele ya mgeni."

"Mgeni umemvua nguo wewe, si mimi." Kishiwa akamgeukia Editha, uso wote umemsinyaa kwa aibu. "Mwanangu, nisamehe. Sisi nyumbani hatukumlea hivi."

"Najua, dada," Editha akasema. "Choo kiko wapi?"

*

Chooni alitapika. Nyama yote, maji yote, na mwisho yale machungu ya kijani. Alinawa uso kwa ndoo, akajinusa viganja. Manukato. Alivisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikamuwaka, na bado harufu ikabaki.

Ajabu ni kwamba bado alimsikia kichwani. *Mi ntakulinda wewe.* Bado sauti hiyo ilimvuta, na hapo ndipo alipojichukia yeye mwenyewe, kwa dakika nzima, amesimama na povu mikononi. Mara mia na kumi na mbili. Alikuwa anajua amekufa mara nyingi, hakujua kwamba kuna mtu alikuwa akihesabu.

Akatoa simu. Saa nane kasoro dakika sita. Akafungua Ngome, akaenda kwenye Kusahihisha. *Una uhakika unataka kuvua pointi zote?* Akabonyeza ndiyo. Arobaini zikarudi juu ya skrini, zinametameta, zinasubiri.

Aliporudi mezani, Kishiwa alikuwa amejifungia jikoni. Wanaume wawili walishashika simu zao.

"Umenuna?" Maduhu aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana."

"Safi. Nilijua. We si mtu wa kununa, ndo maana nikakupa kumi. Kaa. Inaanza."

Editha akakaa. Akaiegemeza simu kwenye chombo cha chumvi. Jitu la Mto likainuka kwenye maji, matope yakilidondoka, na Maduhu akakimbilia mbele na shoka lake kama ilivyo kawaida yake, bila kuangalia nyuma, kwa sababu kwa miezi sita hakuwahi kuwa na haja ya kuangalia nyuma. Akapigwa pigo la kwanza.

"Niponye."

Editha hakufanya kitu.

"Mganga, niponye." Pigo la pili. "Mganga! Mtandao wako vipi?"

"Mtandao uko vizuri."

"Sasa niponye!"

"Sina cha kukuponyea," Editha akasema. "Mkono wa Uhai una sifuri."

Maduhu aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu wakae mezani alimwangalia usoni hasa, akiwa amefumbua mdomo, na Editha akamwangalia naye, akaona uzi wa nyama bado upo pale pale. Sekunde tatu zilitosha. Jitu likateremsha ngumi. Mpiganaji wa Mikumi akaanguka, skrini yake ikageuka kijivu.

"Umefanya nini?" Maduhu alinong'ona. "Umefanya nini we mwanamke? Miezi sita!"

"Oya, oya, linakuja kwangu!" Innocent alipiga kelele. Mishale yake miwili haikufua dafu. Akaanguka naye.

Jitu likamgeukia mwanamke wa nyeupe. Likampiga. Mwanamke akasimama. Likampiga tena, kwa mikono miwili, maji yakaruka pande zote, na maji yalipotulia alikuwa amesimama pale pale, ngozi yake ya rangi ya mawe ya mtoni. Ishirini Ngozi ya Jiwe. Ishirini Mshale wa Mwanga. Akaanza kurusha. Hakuwa mjuzi, mishale mingine ilikwenda mitini. Hakulishinda lile jitu, wala sitawadanganya kwamba alilishinda. Muda wa pigano uliisha, dakika kumi kamili, likazama mtoni likiwa na majeraha yake, na cheo cha Kikosi cha Kwanza kikaenda kwa watu wa Ifakara. Lakini rangi hazikuondoka. Jua lilizama nyuma ya mto ule wa uongo, ndege wakapita, muziki wa mwisho ukapigwa. Editha hakuwahi kujua kama kuna ndege. Miezi sita aliuona mwisho kutoka chini.

Akazima simu, akachukua mfuko wake.

"Editha." Maduhu alimfuata mpaka barabarani, kitabu kwapani. Sasa alikuwa amekumbuka kwamba anaitwa Editha. "Editha, subiri. Nimekosea. Sikujua utachukulia hivyo. Nakupenda, haki ya Mungu."

Sauti iliingia pale pale inapoingiaga siku zote. Editha alisimama. Nisiwafiche, alisimama muda mrefu kuliko ilivyopaswa, kwa sababu miezi sita si kitu cha kutemwa pamoja na mbuzi.

"Nauchana ukurasa," Maduhu akasema, akitafuta mkono wake. "Naufuta wote. Sasa hivi, mbele yako."

"Uchane," Editha alisema. "Umeshaukariri."

"Basi niambie nifanye nini! We niambie kimoja baada ya kingine, nitapanga, nitafuata."

"Unaona?" Aliutoa mkono wake taratibu. Ulikuwa na mafuta, akaufuta kwenye gauni lake la bei ghali, la kwanza kushonesha tangu msiba. "Jumamosi wazee wako wasiende Kimamba. Mwambie dada Kishiwa ugali wake ulikuwa mzuri. Kosa si lake."

*

Alifika Kilosa jua likielekea kuzama. Alipitia dukani kwanza, akafungua droo, akaitoa bahasha yenye mawaridi, akaipasua vipande vinne, kisha vinane, akavitia kwenye pipa la karatasi zilizoharibika.

Mama yake alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, chungu cha mlenda mekoni. Alimwangalia mwanawe mara moja, akaona macho, akaona doa kwenye gauni. Hakusema "nilikuambia". Editha alikuwa amejiandaa kwa neno hilo njia nzima, na lilipokosa kuja akaishiwa nguvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Bi Magdalena akamsogezea kigoda kingine. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekushika bila ridhaa yako?"

"Hapana, mama."

"Ni kwa sababu ya kabila lao? Dada zake wamekutukana?"

"Hapana. Dada yake ni mtu mzuri sana. Amenitetea."

"Sasa amekufanya nini?"

Editha akafungua mdomo. Akatafuta pa kuanzia: kitabu, safu, dole la mafuta, baba. Kila alichokishika kilikuwa kinateleza.

"Amenipa namba moja," akasema.

Bi Magdalena aliacha kukoroga. Alikaa na mwiko hewani, mlenda ukichuruzika.

"Kati ya wangapi?" akauliza.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Editha, yale yaliyokataa kutoka chooni, barabarani na dukani. Mama yake akaweka mwiko chini, akavuta kigoda, akakilaza kichwa cha binti yake mapajani pake, akaanza kumfuta viganja kwa ncha ya kanga, kimoja baada ya kingine, mpaka harufu ya manukato ikaisha.